Degedege lisilopapatika
Degedege ni dege lililorudiwa, na dege ni ndege mkubwa; ndiyo maana tunalingoja lipapatike, mikono irushwe na mwili ukakamae. Kwa kichanga picha hiyo hupotosha. Mtoto wa siku mbili huenda akachezesha midomo kana kwamba ananyonya, macho yakaganda upande mmoja, pumzi ikasita, basi. Mtu atasema vichanga wengi hutetemeka. Kweli, ila mtetemo wa kawaida hukoma kiungo kikishikwa, degedege haliachi. Na penye shaka, kipimo cha umeme wa ubongo ndicho huamua. Sukari ya damu hupimwa mara moja, maana ikishuka huweza kuleta degedege, kisha dawa ya kwanza kwa kawaida ni fenobabitoni. Moshi wa ubani, ambao wengine humfukizia mtoto, haurudishi sukari iliyoshuka.