Nani Anasema Jukwaani? Usawiri wa Watu Wenye Ulemavu kutoka Richard III hadi Children of a Lesser God

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu, mtu mwenye ulemavu katika tamthilia za Kiingereza amekuwa mtu wa kusemewa. Huonekana, hujadiliwa na kufasiriwa, ilhali maana ya maisha yake hutolewa na wengine. Makala hii inafuatilia suala hilo katika tamthilia tatu na inadai kwamba badiliko kubwa halikuletwa na kuongezeka kwa huruma, bali na swali la nani amepewa nafasi ya kuigiza na kusema.

2.0 Mwili kama Ishara

Katika Richard III, tamthilia ya miaka ya 1590, Shakespeare alimpa mfalme kigongo na mkono ulionyauka. Ulemavu huo unatumika kama ishara: upindo wa mwili unatangaza upotovu wa nafsi. Mifupa ya mfalme huyo ilipofukuliwa Leicester mwaka 2012, ilionesha uti wa mgongo uliopinda kwenda upande, lakini haikuthibitisha mkono ulionyauka. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne nne hadhira ilimjua mfalme wa jukwaani, si yule wa kaburini.

3.0 Mwili Unaosimuliwa na Daktari

The Elephant Man ya Bernard Pomerance, iliyooneshwa London mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Tony mwaka 1979, iliachana na ishara hiyo. Inahusu maisha ya Joseph Merrick (1862–1890), aliyeoneshwa kwa malipo kabla ya kupewa makao katika hospitali ya London. Mwigizaji hatumii vipodozi vya kuigiza ulemavu. Hupindisha mwili wake wakati daktari Frederick Treves akieleza umbo la Merrick. Mbinu hii inamkinga mhusika dhidi ya macho ya kushangaa, lakini inabakiza maelezo mikononi mwa daktari. Hata jina la mhusika, John, linafuata kumbukumbu za Treves za mwaka 1923, si jina halisi la Merrick. Aidha, mbinu yenyewe inahitaji mwili usio na ulemavu ili upindishwe.

4.0 Kiziwi Anapoigiza Kiziwi

Mwaka 1980 Tuzo ya Tony ilikwenda kwa Children of a Lesser God ya Mark Medoff, aliyemwandikia nafasi ya Sarah mwigizaji kiziwi, Phyllis Frelich. Frelich alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa National Theatre of the Deaf, iliyoundwa Marekani mwaka 1967, naye alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mgogoro wa tamthilia ni lugha: James, mwalimu wa matamshi, anataka Sarah atamke, naye Sarah anashikilia lugha ya alama. Lakini ili hadhira inayosikia ifuate, James hutamka kwa sauti maneno ya Sarah. Hivyo, mwigizaji kiziwi amefika jukwaani, ila kauli yake bado inapita kinywani mwa anayesikia. Mwaka huohuo, Nabil Shaban na Richard Tomlinson walianzisha Graeae nchini Uingereza, kikundi ambacho wasanii wenye ulemavu walikuwa ndio kiini chake.

5.0 Hitimisho

Suala hili linamgusa pia mfasiri wa Kiswahili. Maneno kiziwi, kipofu na kiwete yana umbo la ngeli ya KI-VI, ingawa upatanisho wake ni wa viumbe hai: kiziwi huyu amekuja. Wapo wanaoona kiambishi hicho kama dharau na kupendelea mtu mwenye ulemavu. Lakini kiongozi na kijana yana umbo hilohilo, na Chama cha Viziwi Tanzania kimelibeba neno viziwi katika jina lake. Kwa hiyo, heshima haiamuliwi na kiambishi peke yake. Tafsiri inayosahihisha istilahi, kisha ikamkabidhi Sarah mwigizaji anayesikia, itakuwa imebadili maneno tu na kuuacha mfumo wa zamani wa kusemewa ukiendelea.