Chokaa na saruji: nani alitudanganya?

Ukipita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, angalia chini ya kuta. Utaona mahali lipu imebanduka na jiwe la nyuma yake limekuwa unga. Mara nyingi lipu hiyo ni ya saruji, na aliyeipaka alidhani anaiokoa nyumba.

Nyumba nyingi za pale ni za karne ya 19. Mafundi walipanga mawe ya matumbawe, wakayashika kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ilitoka kwenye mawe hayohayo: yanapangwa na magogo kwenye tanuu, yanachomwa, kisha yanamwagiwa maji hadi yachemke na kumeguka. Ikishakaa ukutani, chokaa hunyonya hewa ya ukaa taratibu, miezi na miaka, ikarudi kuwa jiwe. Lakini jiwe laini! Matumbawe hunywa maji ya mvua na ya ardhini, na chokaa huyaachia yatoke.

Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin. (Waingereza wenyewe wameshaona inavyoharibu matofali ya nyumba zao za zamani.) Huku kwetu kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha 1954, cha Wazo Hill 1966. Katikati hapo yakaja Mapinduzi ya 1964. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikataifishwa, zikajaa wapangaji wasio na fedha za ukarabati. Mfuko mmoja wa saruji, siku moja, kazi imekwisha. Chokaa inataka subira. Nani angewalaumu?

Ila saruji haipumui. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda na kulitafuna jiwe, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza. Kwa nje ukuta unaonekana mzima.

Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walikufa. Sisemi saruji ndiyo iliyoliangusha. Nasema nyumba hizi zinamtaka fundi anayejua kuchokonoa saruji kwenye maungio bila kuvunja jiwe, kisha kuyajaza chokaa kidogo kidogo, huku akiyalowesha yasikauke haraka. Na tanuu zinakula kuni nyingi, kwa hiyo chokaa nayo ina gharama yake.

Mwenye babu aliyewahi kuchoma chokaa, tafadhali niandikie.