Kufeli shuleni nchini Tanzania: tabaka, jinsia na kabila

Kufeli shuleni, kwa maana ya makala haya, ni kupata matokeo yaliyo chini ya uwezo wa mwanafunzi mwenyewe. Si suala la mtoto mmoja aliyeteleza katika mtihani mmoja. Watoto wa wilaya ileile, au wa kaya zenye kipato kilekile, wanapofeli mwaka hadi mwaka, haiwezekani wote wawe wazembe. Lipo jambo nje ya vichwa vyao linalowarudisha nyuma. Nchini Tanzania hutajwa zaidi hali ya uchumi ya familia, jinsia ya mtoto na kabila lake. Mara nyingi hutajwa moja moja, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa kuwa mtoto mmoja huyabeba yote kwa pamoja.

Kuhusu kabila kuna ugumu wa kipekee. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza raia kabila lake. Baraza la Mitihani (NECTA) hutoa matokeo kwa shule, kwa mkoa na kwa jinsi, kabila halimo. Uamuzi huo ulisaidia kujenga taifa ambalo mtu hahudumiwi kwa kuangaliwa ukoo wake, na hakuna sababu ya kuujutia. Lakini tofauti za kale hazikufutika kwa kutoandikwa. Zimejificha ndani ya majina ya mikoa.

Kahawa, misheni na chuo

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, Wakatoliki wakiwa wamekwisha kutangulia Kilema. Wamoravian walikuwa Rungwe tangu 1891, na Mapadri Weupe wakaweka mizizi Bukoba. Maeneo hayo yalikuwa na baridi na mvua za kutosha, na Kilimanjaro na Bukoba zikawa na kahawa. Kahawa ndiyo iliyolipa ada. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliwapa wakulima wa Kichaga fedha ambazo nyingi ziliishia kwenye madarasa. Mchaga au Mhaya wa miaka ya 1950 hakuwa na akili kumzidi Mgogo. Alikuwa na mibuni nyuma ya nyumba na shule mahali anapofika kwa miguu.

Pwani mambo yalikwenda kinyume. Watu wa Tanga, Bagamoyo na Kilwa walikuwa wakisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya Mjerumani kushusha nanga. Wajerumani walilitambua hilo. Shule yao ya serikali mjini Tanga, ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, haikufungamana na kanisa, na waliotoka humo wakawa makarani na maakida. Chini ya Waingereza sehemu kubwa ya elimu ya Waafrika ilibaki mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walisita kuwapeleka watoto wao huko wakihofia kwamba watabadilishwa dini. Aliyehitimu chuoni kwa sheikh hakuhesabiwa kuwa amesoma. Fikra kwamba mtu wa pwani hapendi shule imezaliwa hapo, na ni ya uongo.

Baada ya uhuru serikali ilifuta mgawanyo wa shule kwa rangi, ikataifisha shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 ikagawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa ili walioachwa nyuma wapate sehemu yao. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo wazazi wa Kilimanjaro, walipoona nafasi zimepungua, walichanga fedha na kujenga sekondari zao wenyewe pamoja na makanisa, hata mkoa huo ukaongoza kwa shule za binafsi. Sera ilijibiwa kwa mfuko, na mikoa isiyo na mfuko haikuwa na jibu.

Jamii za wafugaji na wawindaji zimebaki mbali zaidi. Mtoto wa Kimaasai wa Simanjiro au Ngorongoro huingia darasa la kwanza akiongea Kimaa, akafundishwa kwa Kiswahili na mwalimu asiyejua neno la lugha yake. Kalenda ya mihula haijali mvua wala malisho. Familia inapohama na ng'ombe, daftari la mahudhurio humwandika mtoto kuwa mtoro. Wabarabaig na Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi wana kisa hichohicho. Kusema kwamba watu hawa hawathamini elimu ni kukwepa swali la nani aliyepanga shule hizo, na kwa ajili ya nani.

Shule ya kata na shule ya ada

Siku hizi tabaka ndilo linalogawa zaidi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001 pamoja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni, na hayo ni mafanikio makubwa. Lakini ada haikuwa gharama pekee. Sare, viatu, madaftari, mchango wa uji na tuisheni vimebaki kwa mzazi, na mtoto aliye na njaa saa nne asubuhi hasikii hesabu za sehemu.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004 ulileta sekondari katika kila kata. Majengo yalisimama haraka kuliko walimu walivyopatikana. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliitikisa nchi: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Viwango vilirekebishwa, lakini maabara tupu na shule zenye mwalimu mmoja wa sayansi, au zisizo naye kabisa, hazikurekebishwa kwa tangazo.

Upande wa pili kuna shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza na sekondari za bweni za binafsi, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizojaza orodha ya shule kumi bora, hadi NECTA ilipoacha kuitangaza kuanzia matokeo ya mwaka 2022. Tathmini za shirika la Uwezo, zinazopima watoto majumbani, zimeonyesha mara kwa mara kwamba katika kusoma na kuhesabu pengo kati ya wasichana na wavulana ni dogo, ila kati ya wilaya na wilaya, na kati ya kaya zenye nacho na zisizo nacho, ni kubwa mno.

Lugha ya kufundishia

Pahali ambapo tabaka na kabila hukutana waziwazi ni katika lugha. Mtoto wa shule ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari moja anakuta baiolojia, historia na jiografia vyote ni kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari; serikali ilikataa. Utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba wanafunzi wengi hawakukimudu Kiingereza kwa kiwango cha kujifunzia masomo mengine. Wataalamu kama Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro wameandika hivyo kwa miaka mingi tangu hapo.

Darasani hali hujulikana na kila aliyepita: mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, anauliza kama wameelewa, wanaitikia ndiyo. Mwanafunzi anayeweza kueleza usanisinuru vizuri kwa Kiswahili hupata sifuri kwa kushindwa kusoma swali. Mwenzake aliyetoka mchepuo wa Kiingereza amekwisha kulipiwa miaka saba ya lugha hiyo. Kwa mtoto wa Kimaasai au wa Kisukuma wa kijijini, Kiingereza ni lugha ya tatu. Mtihani wa aina hiyo hupima mfuko wa mzazi kabla ya kupima akili ya mtoto.

Wasichana, na wavulana

Uandikishaji wa wasichana umepanda hadi kuwafikia wavulana, na katika sekondari za chini kuwazidi; katika kidato cha nne wavulana wamekuwa mbele kidogo kwa asilimia ya ufaulu kwa miaka mingi. Wastani huo unaficha mengi. St. Francis Girls ya Mbeya imeshika nafasi ya kwanza kitaifa zaidi ya mara moja, ikiwapita wavulana wa shule zote. Msichana mwenye bweni, taa na mwalimu hana pengo. Pengo ni la yule anayechota maji alfajiri, anayetembea kilomita nyingi hadi shule ya kata au kupanga chumba karibu nayo, geto kama wanavyoliita, na ambaye lifti ya bodaboda inamgharimu shule yake yote.

Sheria nayo ilimwongezea mzigo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani na kushinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: kumwoa mwanafunzi kukawa na kifungo cha miaka 30. Lakini Kanuni za mwaka 2002 zilitumika kumfukuza msichana aliyepata mimba, na Juni 2017 Rais John Magufuli alisisitiza kwamba hatarudi. Katazo hilo liliondolewa tarehe 24 Novemba 2021. Kwa miaka yote hiyo adhabu ilimwangukia mtoto, na ilimwangukia kwa uzito zaidi mtoto wa maskini, asiye na pa kwenda nje ya shule ya serikali.

Katika baadhi ya vijiji, hasa ambako mahari ni ng'ombe, wapo wazazi waliowaagiza mabinti wao waandike majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba ili wasichaguliwe. Binti huyo huingia kwenye takwimu kama aliyeshindwa.

Wavulana hupotea kwa mlango mwingine: machunga, machimbo madogo ya Geita, uvuvi wa Ziwa Victoria, na pikipiki inayoleta fedha leo. Huacha shule bila kelele, na hakuna kanuni inayowafukuza, ndiyo maana ni nadra kuhesabiwa kama wahanga.

Fomu ya usajili wa mtahiniwa huandika jina, shule na jinsi yake. Kipato cha kaya hakiandikwi, wala lugha anayoongea nyumbani. NECTA na wizara ya elimu wayaingize mambo hayo mawili, bila kutaja kabila, ili kila matokeo yanapotoka ionekane ni nani hasa aliyefeli.