Leza ya Macho na Njia ya Lusangi

Mwaka 1932 daktari Mbelgiji Jean Hissette alitangaza jambo ambalo wenzake wengi walilitilia shaka: upofu uliojaa vijijini kando ya mto Sankuru, magharibi ya jimbo la Maniema, chanzo chake ni vijinyoo vinavyoenezwa na usubi, wadudu weusi wanaozaliana penye maji ya kasi. Mwaka 1934 msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard ukiongozwa na Richard Strong ulifika Kongo, ukaona kuwa alisema kweli. Dawa ya ugonjwa huo ilichelewa mno. Kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure mwaka 1987, na baadaye Kasongo, huko Maniema, ikawa moja ya maeneo ambako wanavijiji wenyewe walipewa kazi ya kuwagawia jirani zao vidonge.

Naanza na usubi kwa sababu mtu wa Lusangi, kijijini Maniema, akisikia habari za leza, swali lake la kwanza ni kama itamrudishia babu yake macho. Haitamrudishia. Vijinyoo vinapofia ndani ya jicho huacha kovu kwenye kornea na kuidhuru neva ya kuonea, na neva iliyokufa haifufuliwi na mashine yoyote.

Leza ilikuja kwa njia nyingine. Huko Ujerumani, Gerd Meyer-Schwickerath alitibu watu waliounguza retina kwa kutazama kupatwa kwa jua mwaka 1945, akawaza kwamba mwanga unaounguza unaweza pia kushikiza retina iliyochanika. Alijaribu kwa jua lenyewe, kisha kwa taa kali. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza mwaka 1960, madaktari wa macho walikuwa tayari wanaingoja. Novemba 1981 Rangaswamy Srinivasan wa kampuni ya IBM alipeleka kazini mabaki ya batamzinga wa sikukuu, akayachonga kwa leza ya eksaima bila kuunguza kandokando. Hapo ndipo ulipotoka upasuaji wa kuwavua watu miwani, na fedha nyingi zikaelekea huko.

Kwa maoni yangu, sura inayotuhusu sisi haikuandikwa Ulaya wala Marekani. Iliandikwa Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC. Presha ya macho humnyang'anya mtu uoni kuanzia pembeni, bila maumivu, na huwapata watu weusi wengi zaidi na mapema zaidi. Tiba ya kawaida ni matone ya timolol, asubuhi na jioni, maisha yote. Ayanunue nani kila mwezi, na katika duka gani? Kuanzia mwaka 2015 wagonjwa 201 waligawanywa kwa kura: wengine matone, wengine leza aina ya SLT, iliyobuniwa na Mark Latina miaka ya tisini. Mgonjwa hukaa, kidevu juu ya kiegemeo, jicho likishatiwa dawa ya ganzi. Daktari huweka juu yake lenzi ndogo yenye kioo, kisha hupiga vimweko kama mia moja kwenye chujio linalotolea maji ya jicho. Kila kimweko hudumu nanosekunde chache tu, hivyo hugusa seli zenye rangi na kuziacha jirani zake. Baada ya hapo maji hupita vizuri zaidi, presha ikashuka.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, matone yalifanikiwa kwa asilimia 31 ya macho. Leza, asilimia 61.

Moshi na Maniema si wageni. Kiswahili cha Kasongo kilivuka Ziwa Tanganyika na misafara ya karne ya 19, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, na ujuzi wa macho unaweza kupita njia hiyo hiyo. Lakini nguvu ya SLT hupungua kwa miaka na huenda ikabidi irudiwe, na neva iliyokwisha kufa hairudi. Kwa hiyo kabla ya mashine, Kasongo na Kabambare zinahitaji muuguzi mwenye kipimo cha presha ya jicho, anayempima kila aliyetimiza miaka arobaini anayefika kituoni, hata akiwa amekuja kwa homa.