Wangila wa Muthurwa: Ngumi Iliyowanyima Majaji Kazi

Kijana wa Eastlands, Nairobi, anayetamani kufika Olimpiki kwa mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola ana mlima wa kupanda. Sheria ya Silaha inamtaka awe na leseni, kisha kuna bei ya silaha yenyewe, risasi, na nauli ya kwenda kwenye uwanja wa shabaha. Kwa wengi mtaani, bastola ni kitu cha polisi na majambazi tu. Ndondi haikuhitaji yote hayo. Ukumbi wa jamii, kamba ya kuruka, gunia la kutwanga na kocha asiyecheka vilitosha, na ndivyo vilivyotuletea dhahabu ya Olimpiki.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Septemba 3, 1967, akanolewa katika klabu ya Dallas huko Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika mwaka 1987, alitwaa dhahabu ya uzani wa welta mbele ya mashabiki wa nyumbani. Mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda kwenye Olimpiki ya Seoul na kikosi cha taifa, Hit Squad.

Wakenya walikuwa na kinyongo cha siku nyingi na majaji wa Olimpiki. Mwaka 1968, bondia Philip Waruinge wa Nakuru alipoteza nusu fainali kwa pointi mbele ya Antonio Roldán wa Mexico, akipigana Mexico kwenyewe. Akarudi na shaba pamoja na Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia bora wa mashindano yote. Bora kuliko wote, lakini wa tatu! Munich 1972 akafika fainali na kupoteza tena kwa pointi, safari hii kwa Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti.

Wangila hakuwaachia majaji nafasi hiyo. Katika fainali ya Seoul alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia wa WBA, na raundi ya pili haikuisha. Mfaransa alikwenda chini, hesabu ikakamilika, na kadi za pointi zikabaki bila kazi. Ni heri ilikuwa hivyo, kwa sababu katika mashindano hayohayo Roy Jones wa Marekani alimtawala Park Si-hun wa Korea Kusini waziwazi, kisha majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Chris Sande aliongeza shaba ya uzani wa kati kwa Kenya.

Mwaka 1989 Wangila aliingia ndondi za kulipwa nchini Marekani. Huko alishinda mapambano 22, lakini mkanda wa dunia haukuja. Kwa maoni yangu, mtindo uleule uliompa dhahabu Seoul, wa kusonga mbele na kutaka kumaliza mapema, ulimgharimu katika mapambano marefu ya kulipwa.

Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, alipanda ulingoni dhidi ya David Gonzalez. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona amepigwa vya kutosha, akasimamisha pambano. Wangila alilalamika, akisisitiza kwamba bado angeweza kuendelea. Alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu, na Julai 24 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 26. Refa, nathubutu kusema, hakukosea kusimamisha. Ikiwa kuna la kulaumiwa, ni kwamba pambano halikusimamishwa mapema zaidi.

Kenya ilirudi kutoka Seoul na dhahabu tano. Nne zilikuwa za Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki, wote wanariadha. Ya tano, ya Wangila, hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika Olimpiki nje ya riadha. Wewe uliyemwona akifanya mazoezi Muthurwa, au mwenye picha za enzi hizo chini ya kitanda, zitoe na uwasimulie vijana wa klabu iliyo karibu nawe.