Kabla ya Kipaza Sauti: Asili ya Ufawidhi wa Mzaha Ukambani

Kazi ya mfawidhi, yaani mtu anayeongoza hafla, kuwatambulisha wageni, kuwahoji mbele ya umati na kuuchangamsha umati huo kwa mzaha, hudhaniwa na wengi kuwa imeletwa na redio na runinga, ilhali katika nchi ya Wakamba, kutoka Makueni hadi Nuu, eneo kame la Mwingi katika Kaunti ya Kitui, asili yake ni kongwe kuliko chombo chochote cha habari.

Katika ngoma za zamani uongozi ulikuwa mikononi mwa ngui, mtunzi na kiongozi wa wimbo, ambaye kiitikio cha wachezaji kilimpa nafasi ya kupanga maneno mapya na kuyagusa mambo yaliyotokea kijijini. Miongoni mwa tungo za Wakamba zilikuwamo myali, nyimbo za kukanya zilizomkejeli mkosaji kwa mafumbo, na hapa ndipo penye kiini cha historia hii, kwa sababu kicheko kiliruhusu jambo kutamkwa hadharani ambalo, lau lingesemwa kwa ukali, lingezua uhasama. Hata hivyo ruhusa hiyo haikuwa bure: ngui aliishi miongoni mwa watu aliowakejeli, akakutana nao mtoni na malishoni, hivyo alilazimika kuijua mipaka ya ulimi wake.

Sanaa ya kuuliza nayo ilikuwa na shule yake, nayo ni ndai, yaani vitendawili, ambapo mtegaji husema «Kwata ndai» na mteguaji hujibu «Nakwata», kisha pande mbili hupimana akili huku wasikilizaji wakicheka. Simulizi za jamii hii zilivutia wataalamu mapema. Gerhard Lindblom wa Uswidi alichapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakamba mwaka 1920, na John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akatoa mkusanyiko wa hadithi zao mwaka 1966.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa mwito wa taifa, Wakamba waliupokea wakiwa tayari na mwethya, utaratibu wao wa vikundi vya kazi za pamoja, na uwanja wa mchango ukampa mfawidhi jukumu jipya, kwani alitakiwa kutangaza kiasi alichotoa kila mtu, kuzishindanisha koo kwa utani na kumnadi jogoo mmoja mara kadhaa, bila kumwaibisha aliyekuja na kidogo. Huo ndio ustadi mgumu kuliko wote katika kazi hii, na ni haki uheshimiwe, maana madarasa mengi ya vijijini yalijengwa kwa michango iliyovutwa na ndimi kama hizo.

Utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, vituo vya Kikamba kama Musyi FM, cha kampuni ya Royal Media Services, vilifuata, na sauti ya mchekeshaji ikawafikia wasikilizaji asiowaona. Daniel Ndambuki, maarufu kama Churchill, ndiye mfano mkubwa zaidi: katika redio ya Classic 105, akishirikiana na Maina Kageni, aliwachekesha wasikilizaji waliopiga simu kueleza mambo ya ndoa zao, na katika kipindi cha Churchill Show aliwahoji wanamuziki na wanasiasa jukwaani na kuwapa wachekeshaji chipukizi nafasi ya kujulikana. Mafanikio hayo ni makubwa, lakini redio ililegeza kifungo kilichomzuia ngui, kwa kuwa anayefanyiwa mzaha hewani huenda asikutane kamwe na aliyemcheka.

Kifungo hicho kingali imara katika ntheo, sherehe ya kupeleka mbuzi, kwa desturi watatu, ambao huihalalisha ndoa ya Kikamba, kwa sababu mfawidhi husimama kati ya koo mbili zinazopimana, akiwahoji washenga kwa dhihaka nyepesi mbele ya wazee wanaoweza kumkatiza wakati wowote, na neno moja likikosewa, mbuzi hao huweza kurudishwa walikotoka.