Trauti wa Mto Gura

Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza kutoka Loch Leven, Uskochi, mayai ya trauti, samaki wa ukoo mmoja na samoni. Yakatiwa katika Mto Gura, milimani Nyandarua. Walowezi walimvua kwa chambo cha bandia: manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, yakafanana na mdudu. Kwao ulikuwa mchezo. Wakikuyu, wenyeji wa nchi ile, kwa mila zao hawakuwa walaji wa samaki.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, trauti alibaki. Je, tumchukie kwa asili yake? La! Samaki huyu hutaka maji baridi na safi. Msitu ukifyekwa, mto hupata joto na tope, naye hutoweka. Hivyo mgeni huyu amekuwa shahidi wetu: akingali hai, chemchemi zetu nazo zi hai.